Todhunter, Mwindaji Asiyepata Kitu

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Pakawa gani hiyo, kama watu waliolala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogezeni miguu motoni, na anayetaka kubisha asubiri nimalize.

Zamani, zama za kale hasa, huko Uingereza kwenye milima ya kaskazini, ambako jua hutoka siku mbili kwa mwaka na watu hulisimulia mwaka mzima, palikuwa na kijiji kimoja cha watu werevu sana. Walikuwa werevu hata hawakujisumbua kutafuta majina. Mtu akioka mkate, aliitwa Mwokaji. Akifua chuma, aliitwa Mhunzi. Akifuma nguo, aliitwa Mfumaji. Ukisahau jina la jirani yako, unamtazama mikono tu.

Ardhi yote ilikuwa ya Bwana Mkubwa mmoja aliyekaa ngomeni. Kila mwaka, kabla theluji haijaanguka, alishuka kijijini na daftari lake. Alimwita kila mtu kwa jina, na kila mtu alionyesha kazi ya jina lake: Mwokaji mkate, Mhunzi jembe, Mfumaji shuka. Asiye na cha kuonyesha aliambiwa: "Huna kazi, huna jina. Huna jina, huna nyumba. Njia ile pale." Bwana mwenye huruma, si mnaona? Hata njia aliwaonyesha.

Basi kijijini humo aliishi Wati na mkewe Emota. Wati alikuwa mtu mwema, lakini mikono yake haikufaa kwa lolote. Alijaribu kuoka, akatoa mkate uliokimbiwa na mbwa. Alijaribu kufua chuma, akajiponda kidole gumba. Alijaribu kufuma, akatoa shuka yenye mikono mitatu. Na Emota alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na baridi imeshaanza kung'ata.

"Mume wangu," Emota alisema, "mtoto huyu atazaliwa njiani?"

"Hapana, mke wangu. Nitapata kazi."

"Ipi iliyobaki? Zote umeshaziharibu."

Ilibaki moja. Mbweha walikuwa wakiwamaliza bata bukini wa kijiji, na hakuna aliyetaka kuwafuata, maana mbweha huuma. Mkuu wa kijiji, Hamfri Mwokaji, akapata wazo zuri. "Tumpe Wati," alisema. "Akiumwa, hatuumwi sisi." Wakampa jina Todhunter, kwa kuwa watu wa kaskazini mbweha humwita tod, na hunter ni mwindaji. Wakamwambia aonyeshe mkia mmoja wa mbweha kila mwaka, la sivyo, njia ile pale.

Wati akatega mtego. Akanasa mguu wake mwenyewe.

Bibi Mbweha akaja, akaketi, akauchungulia mtego.

"Pole, jirani. Mtego huu umemtegea nani?"

"Wewe, Bibi Mbweha."

"Ahsante kwa kunikumbuka."

Wati akaangua kilio, akamweleza yote: mke, tumbo, daftari, theluji. Bibi Mbweha akajikuna sikio, akafikiri. "Ukifukuzwa wewe," alisema, "watamleta mwingine, na huyo mwingine huenda ana akili. Heri nibaki na wewe. Mjomba wangu alifariki jana kwa uzee. Mkia wake chukua, yeye hauhitaji tena."

Mwaka huo Wati akaonyesha mkia wa mjomba. Mwaka wa pili akaonyesha mkia wa shangazi, aliyepaliwa na mfupa wa bukini. Mwaka wa tatu akaonyesha mkia wa babu, aliyeteleza kwenye jabali. Na kila mara Bwana Mkubwa alipiga kelele, "Shujaa!" Kila mara alimpa bukini mnono. Kila mara alimsamehe kwenda kulima shamba la ngome, kazi ambayo wenzake waliifanya siku tatu kila wiki na migongo ikawapinda.

Hapo ndipo werevu wa kijiji ulipochemka.

"Yaani mimi nakaangwa na tanuri," Hamfri alisema, "na yule asiyejua kushika kijiko anakula bukini?" Akamwendea Bwana Mkubwa papo hapo. "Niandike Todhunter." Mhunzi akasema, "Na mimi niandike Todhunter." Mfumaji akasema, "Na mimi je, nimekosa nini?" Nyumba thelathini, wote wakaandikwa Todhunter siku hiyo hiyo, na Bwana Mkubwa akafurahi kupata mashujaa wengi bila gharama. Jina likishaingia daftarini, halibadilishwi mpaka apite tena mwakani.

Mnaonaje, mlishawahi kuona maendeleo kama hayo? Tanuri likapoa, mkate ukakosekana. Kiwanda cha chuma kikanyamaza, majembe yakavunjika. Watu wakavaa matambara, lakini matambara ya mashujaa. Wakaingia porini na mbwa, na vyuma, na makelele ya kutosha kufufua wafu. Siku ya kwanza mbweha wakashangaa. Siku ya pili mbweha wakaudhika. Siku ya tatu mbweha wakafungasha watoto wao, wakavuka mlima, wakaenda zao.

Kijiji kikasherehekea ushindi mpaka mtu mmoja alipouliza, "Sasa mwaka huu tutaonyesha mkia gani?"

Emota akaanza kufunga mizigo. Binti yao Sibota alikuwa na miaka mitatu sasa, na alikataa kuachia kizingiti cha mlango. Wati alipomwona amekikumbatia hivyo, moyo ulimuuma kuliko ule mtego.

Jioni hiyo Hamfri akabisha hodi. "Ndugu yangu Wati."

"Tangu lini?" Emota akauliza.

"Shemeji, usinifanyie hivyo. Wati ndiye bingwa wetu. Atuambie yeye aliwapataje."

"Sikuwapata," Wati akasema. "Sijawahi kuua hata panzi. Nilikuwa napewa."

Hamfri akavua kofia. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi nenda kaombe tena."

Wati akavuka mlima. Akaita mara ya kwanza, kimya. Akaita mara ya pili, kimya. Akaita mara ya tatu, Bibi Mbweha akatokea, amekonda, macho makali.

"Umefuata nini? Wenzako wote wamenitoa nyumbani kwangu. Huku bukini ni mifupa mitupu, na mbwa hawana adabu."

"Sisi nasi tunatolewa kwetu, Bibi Mbweha. Sote, na mtoto wangu."

"Nitakuja," Bibi Mbweha akasema baada ya kufikiri. "Lakini mikia ya marehemu imekwisha. Safari hii utasema kweli mbele ya daftari. Ukidanganya tena, narudi zangu huku, na wewe utajijua."

Wati aliogopa, kwani kumdanganya Bwana Mkubwa miaka mitatu si jambo la kusamehewa kwa tabasamu. Lakini akakubali.

Siku ikafika. Bwana Mkubwa akashuka amenuna. Akafungua daftari, akaita, "Todhunter!" Watu thelathini wakasimama.

"Mikia iko wapi?"

Hamfri akajificha nyuma ya Mhunzi.

"Kumbe! Na shayiri yangu iko wapi? Mwaka huu sungura wameila yote, hawakuacha hata bua! Hamna kazi, hamna jina. Hamna jina, hamna nyumba. Njia..."

"Bwana," Wati akasema, "kabla hujaionyesha hiyo njia, nina neno. Ile mikia mitatu nilipewa. Mimi sijawahi kuua mbweha."

Watu wakaguna. Bwana Mkubwa akawa mwekundu. Kabla hajafoka, Bibi Mbweha akapita katikati ya umati, taratibu, mkia wake mwenyewe umesimama nyuma yake.

"Nani huyu?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakula sungura wako, Bwana. Nilifukuzwa. Ukitaka nirudi, nikusomee daftari lako vizuri. Huyu Hamfri ni mwokaji. Mikate yake nimeiba mara nyingi, na chumvi huzidi. Yule ni mhunzi. Nina kovu la chuma chake. Yule ni mfumaji. Watoto wangu hulalia shuka yake. Todhunter hapa ni mmoja tu." Akamwelekezea Wati pua.

"Lakini huyu hajakupata hata siku moja!"

"Ndiyo maana ulikuwa unavuna shayiri, Bwana. Wewe tafuta mwindaji hodari, na mwakani sungura watalila hata hilo daftari."

Bwana Mkubwa akafikiri kama mabwana wanavyofikiri, yaani polepole na kwa maumivu. Kisha akashika kalamu. Hamfri akarudi kuwa Mwokaji, Mhunzi akawa Mhunzi, Mfumaji akawa Mfumaji. Jina la Todhunter likabaki kwa nyumba moja, kwa amri hii: anayelirithi lazima ajaribiwe kwanza mbele ya kijiji, na akionekana ana shabaha, apewe kazi nyingine na jina jingine.

Ndiyo maana akina Mhunzi, wanaojiita Smith, wamejaa kule kila kichochoro, lakini Todhunter utamtafuta mpaka soli iishe. Wengi wao waliharibiwa na bahati mbaya ya kulenga vizuri.

Sibota alipotimiza miaka kumi na sita, wakampa upinde. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Hatua kumi mbele yake lilisimama ghala la shayiri la Bwana Mkubwa, refu kuliko kanisa, pana kuliko uwanja. Wati hakuweza kutazama, akajifunika uso. Sibota akavuta, akafumba jicho, akaachia.

Mshale ukapita juu ya paa, ukaenda zake.

Emota akapiga kigelegele, akamkumbatia binti yake huku analia. "Nyumba ni yetu!" alisema. "Mwanangu, nyumba ni yetu!"

Ngano yangu imechoka miguu, naishusha hapa hapa. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aniachie, nitaisimulia kwa wenye masikio.