Mchi wa Mama Yake Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na vinu vyao na kugombania kuni kama sisi, palikuwa na bonde moja ambalo ukipita asubuhi ulijua kila nyumba ni ya nani bila kuchungulia mlangoni. Ulisikiliza mchi tu. Kwa Pimbi walitwanga mbio mbio, ti-ti-ti-ti, kama wanaokimbizwa. Kwa Ngiri ulisikia puu moja zito, kisha mtu anapumua, kisha puu jingine.

Kila mama alitwanga kama alivyotwanga mama yake, huku mtoto kafungwa mgongoni kwa kanga. Mtoto yule akikua, akipata ngoma au kayamba, aliuchukua mdundo uleule akauchezea. Akizaa, naye anatwanga vivyo hivyo. Basi muziki wa bonde lile ulirithiwa hivyo, hakuna aliyefundishwa na hakuna aliyeusahau.

Bi Kindi alikuwa mdogo kuliko wote, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kike jina lake Mashavu. Mdundo wa nyumba yake ulikuwa ta-tindi, ta-tindi, na Mashavu alikuwa hagusi uji mpaka ausikie kwanza.

Siku moja mkuu wa bonde, Bwana Nyati, akapata baragumu la shaba. Alilipataje mimi sijui, nisije nikawadanganya. Lilikuwa na sauti moja tu, poooo, ndefu, haina kona wala kilima, na Nyati akalipenda hata akasahau kula. Akatoa amri: bonde moja, mlio mmoja. Kila mchi ufuate baragumu. Likilia unainua, likilia tena unashusha. Atakayesikika anatwanga kivyake, mtoto wake atachukuliwa akalelewe bomani kwa mkuu mpaka masikio yake yanyooke.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema Nyati, akajiona kasema jambo jipya kabisa.

Majirani wakatii, na wachache walioteleza watoto wao wakachukuliwa. Bi Kindi naye alijaribu, msidhani alikuwa mkaidi. Aliinua mchi kwa poooo, akaushusha kwa poooo, mtama ukaruka nje ya kinu, na siku ya tatu akajitwanga kidole. Siku ya nne alikuwa anawaza habari za kuni, mikono ikamponyoka ikaenda zake: ta-tindi, ta-tindi. Nyuma ya ua alikuwa anapita Fisi, askari wa Nyati.

Mashavu akachukuliwa kabla uji haujaiva.

Bi Kindi alilia siku nzima. Hakuogopa kwamba mtoto atalala na njaa, maana bomani chakula kilikuwa tele. Aliogopa kwamba miezi itapita, na siku Mashavu atakaporudishwa atausikia mchi wa mama yake kama mchi wa mtu baki. 

Kisha akajifuta uso, akafikiri. Kwa nguvu hawezi, ukwato mmoja wa Nyati ulikuwa mpana kuliko kitanda chake. Lakini Nyati naye si alizaliwa? Si alibebwa? Mama yake alikuwa amekufa miaka mingi nyuma, na aliyebaki wa kumkumbuka vizuri alikuwa Bibi Yangeyange, yule ndege mweupe ambaye ujanani alishinda juu ya mgongo wa mama yake Nyati akimtoa kupe. Bi Kindi akashika njia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia yaliyokukuta. Pole sana."

Bi Kindi akamweleza haja yake: anataka kujua mama yake Nyati alitwangaje. Yangeyange akasema kuimba hawezi tena, koo limekauka. Lakini miguu yake inakumbuka, kwani miaka saba alisimama juu ya mgongo ule asubuhi na jioni.

"Nipe mgongo," akasema.

Akampanda, akaanza kumgonga kwa vidole vya miguu. Du-du… du. Du-du… du. Katikati palikuwa na pengo. Yangeyange akaeleza kwamba mama yake Nyati alikuwa na mguu mmoja mbovu, na kila mara ilimbidi auweke sawa ndipo ainue mchi tena. Na mwanawe, Nyati huyu huyu mnayemwona, alikuwa akiliziba lile pengo kwa teke kutoka mgongoni. Du-du, teke, du.

Bi Kindi aliushika mdundo mara moja. Alipokwisha kuushika ndipo alipotambua kitu kilichomfanya atabasamu: hakuusikia hata kidogo. Vidole vya ndege yule havikuwa na sauti. Mdundo mzima ulimwingia kwa mgongo. Akamshukuru Bibi, akarudi nyumbani akiwa amepata la kufanya.

Siku ya baraza akaenda mbele ya Nyati, akapiga magoti.

"Bwana, kuna maneno huko mitaani. Wapo wanaosema mkuu wetu ndiye pekee aliyeweza kuutupa mdundo wa mama yake. Na wapo wanaosema hata yeye hajautupa. Mimi nimewabishia."

Nyati akavimba. Akataka kujua ni nani hao.

"Watu, Bwana. Si unawajua watu."

Kwa taratibu, akijifanya anamtetea, akamfikisha alipotaka. Wakapatana hivi: Nyati atakaa juu ya jabali la baraza, Bi Kindi atatwanga chini yake kwa mdundo wa mama yake mkuu. Nyati asipotikisika mpaka mtama umalizike, Bi Kindi atavunja kinu chake kwa mikono yake na Mashavu atakuwa mtoto wa bomani maisha. Akitikisika kwa mdundo huo, hata kwa mkia, watoto wote watarudi kwao na kila nyumba itatwanga ipendavyo. Nyati akaapa kwa pembe zake mbele ya umati. Kiapo cha pembe kilikuwa hakivunjwi bondeni, kwani aliyekivunja hakujibiwa salamu tena na mtu yeyote.

Jina la Mashavu Bi Kindi alilitamka mwenyewe. Alijua anachokiweka rehani.

Akiwa njiani kurudi akamwona Fisi kajibanza kwenye kichaka, anadhani kajificha. Akamwambia mke mmoja wa Pimbi, aliyefuatana naye, kwa sauti ya juu: "Shoga yangu, naomba Mungu Nyati asikumbuke kuziba masikio kwa nta. Akiziba, nimekwisha mimi."

Kichaka kikatikisika. Fisi alikuwa ameshaondoka kwenda kuipeleka habari.

Kesho yake asubuhi bonde zima lilijaa barazani. Nyati akaja kwa mwendo wa madaha, akaketi juu ya jabali, miguu minne kaikunja chini yake, masikio yote mawili yamejaa nta hadi inang'aa. Watoto waliochukuliwa walipangwa mstari upande mmoja. Mashavu alikuwemo, amenenepa, anaangalia chini. Mbele ya watoto wale alikaa Kidawa, binti wa mwisho wa Nyati, ndama asiyetulia.

Bi Kindi hakuweka kinu chake kwenye mchanga. Alikiweka juu ya jabali lenyewe, kwenye ubavu wake wa chini. Akapanda kigoda, wake wawili wa Pimbi wakamsaidia kuinua mchi, kwa maana ulikuwa mrefu kumshinda yeye mara tatu.

Du-du… du.

Nyati akatabasamu. Hasikii kitu. Akawaangalia watu kwa dharau, kama mtu aliyekaa ndani wakati nje kunanyesha.

Du-du… du. Jabali likaupokea mdundo, likaupandisha, ukamwingia Nyati tumboni na magotini. Mara ya kumi sikio la kushoto likacheza. Mara ya kumi na tano mkia ukaanza: pap, katikati ya pengo. Pap tena, palepale.

Watu wakaanza kucheka. Nyati hakuwasikia, masikini, alidhani wanaogopa. Fisi alipoona mambo yanaharibika akalitwaa baragumu, akalipuliza kwa pumzi zake zote ili auzime ule mdundo. Poooo! Bure. Nta aliyoipendekeza mwenyewe ilimziba Nyati asilisikie hata baragumu lake.

Mwishowe Nyati akauona mkia wake mwenyewe, akaukalia kwa haraka.

"Ni nzi!" akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo walioziba masikio. "Nafukuza nzi tu! Hiyo haihesabiwi!"

 Kweli, nani atathibitisha kwamba si nzi? Bi Kindi akahisi mchi unamlemea. Akauinua tena kwa vile hakuwa na jambo lingine la kufanya, macho yake kwa Mashavu.

Du-du…

Di! Teke dogo likapigwa.

Halikutoka kwa Nyati. Lilitoka kwa Kidawa. Yule ndama alikuwa amesimama, anapiga ukwato chini kila pengo likifika, wala hapotezi hata moja, na uso wake una furaha tupu. Bibi yake alikufa kabla yeye hajazaliwa. Mchi ule hakuwahi kuusikia.

Bi Kindi akamuuliza kwa upole, "Nani kakufundisha, mwanangu?"

"Baba," akajibu Kidawa. "Akinibembeleza ananipigapiga mgongoni hivi hivi. Mimi naweka teke, ndio nalala."

Nyati hakusikia, lakini alimwona binti yake, na aliona watu wote wamegeuka kumtazama yeye. Akaanza kuchokoa nta, sikio moja, la pili. Bi Kindi hakuacha kutwanga. Mdundo ukamfikia Nyati kwa masikio sasa.

"Ndivyo alivyotwanga mama," akasema mwishowe. "Alikuwa anachechemea. Wenzangu walikuwa wakinicheka kwa ajili yake, nikasema nikikua sitausikia tena." Akamwangalia Kidawa. "Kumbe nimekuwa nikimpa huyu kila siku bila kujua."

Hakubisha tena. Alikuwa ameapa kwa pembe, na nadhani hata asingeapa angewaachia. Akasimama, ukwato wake ukigonga jabali katika kila pengo, akaamuru watoto waende kwao. Baragumu akampa Fisi alichotee maji.

Mashavu alifika kwa mama yake akivuma poooo kwa pua. Moyo wa Bi Kindi ukashtuka. Hakumkemea. Alimfunga mgongoni kwa kanga ingawa alikuwa amekuwa mzito, akashika mchi, akatwanga mtama wa jioni: ta-tindi, ta-tindi. Mgongoni kukawa kimya. Ta-tindi. Kisha visigino viwili vidogo vikaanza kumgonga ubavuni, ta-tindi, ta-tindi, na mtoto akasema ana njaa, anataka uji.

Bi Kindi alicheka mpaka mtama ukamwagika, wala hakuinama kuuokota.

Nanyi mnaonisikiliza, lishikeni hili moja: kilichoingia kwa mgongo wa mama hakitoki kwa amri ya mkuu.