Fundo Alilolifungua Fuko

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni, maana kamba ya leo ni ndefu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, Bi Nungunungu alitunza ghala la mbegu. Aliwakopesha wale tu waliolisha udongo wao samadi, kwa sababu udongo ulioshiba hurudisha mbegu. Mwaka mmoja mvua zilikaribia, na ghalani kikabaki kikapu kimoja tu cha mtama. Wakaja wawili kukiomba: Ngedere, na Mzee Fuko akiwa na mkewe. Atakayekikosa hatapanda.

"Udongo wangu unakula samadi kila msimu," akasema Ngedere. "Navuna vikapu kumi, vimejaa pomoni! Nina mashahidi."

Kasuku akasema, "Vikapu kumi, vimejaa pomoni!"

Chiriku akasema, "Vikapu kumi, vimejaa pomoni!"

Kunguru akasema, "Vikapu kumi, vimejaa pomoni!"

Bi Nungunungu akawatazama. "Kasuku, uliviona?"

"Aliniambia Chiriku."

"Chiriku, uliviona?"

"Aliniambia Kunguru."

"Na wewe Kunguru?"

Kunguru akakohoa. "Aliniambia Ngedere, bibi."

"Kumbe! Mashahidi watatu, mdomo mmoja."

Mzee Fuko haoni vizuri, kwa hiyo kumbukumbu zake alizifunga kwenye kamba: kila kikapu cha mavuno, fundo moja. Akaipapasa. "Mwaka wa nzige, hakuna. Mwaka juzi, vitano. Mwaka jana, vinne."

"Vitatu," akasema mkewe.

"Vinne, mama watoto."

"Vitatu, baba watoto! Kimoja kilikuwa cha dada yangu, tulimtunzia tu. Ulikibeba mwenyewe mpaka kwake, ukalalamika mgongo siku tatu. Umesahau?"

Ngedere akacheka mpaka akashika tumbo. "Hata wenyewe hawaelewani!"

Mzee Fuko akalishika fundo la nne la mwaka jana. Kupungua kwa kikapu kimoja kungeweza kumnyima mbegu. Kisha akalifungua lile fundo, palepale, mbele ya mwenye ghala.

"Vitatu," akasema. "Mke wangu anakumbuka kuliko mimi."

Bi Nungunungu akainuka. Akaenda mwenyewe mashambani. Kwa Ngedere akachomeka mwiba wake ardhini, mwiba ukavunjika. Kwa Fuko akachomeka mwingine, ukazama wote, ukatoka na harufu ya samadi.

"Kikapu ni chenu," akawaambia wazee wale. "Ulipofungua fundo moja, nilianza kuyaamini yaliyobaki. Mwiba umemaliza shaka."

Wakapanda, mvua ikanyesha, wakavuna vikapu sita. Mzee Fuko akaketi na kamba yake, akafunga mafundo matano, akaiweka chini.

"Matano tu?" mkewe akamchokoza. "Si tumevuna sita?"

"Kimoja ni cha Bi Nungunungu, mama watoto. Nimekirudisha asubuhi."

Mkewe akaipapasa kamba, fundo kwa fundo, mara mbili. Hakupata la kusahihisha. Akamsogelea mumewe, akaanza kumkanda mgongo.

Na kwa kuwa kamba nayo imefika mwisho, hadithi yangu imeishia hapo.