Sura ya Kidawa Ndani ya Gemu

Hapo zamani, wala si ile ya mababu, zamani ya juzijuzi tu, alikuwapo mjini Muheza mwanamke mpole akiitwa Kidawa. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na furaha yake haikuwa na kifani, mpaka siku alipoambiwa kwamba sura yake imo ndani ya gemu.

Gemu hiyo aliitengeneza jirani yake, Mhina, mwenye banda la gemu karibu na soko. Ndani yake kulikuwa na shujaa mwanamume: kavaa chuma toka kichwani hadi miguuni, ana upanga, ana farasi, ana maneno mengi. Kulikuwa na mwanamke pia: kafungwa kwenye nguzo, kavaa vitambaa viwili, na neno lake ni moja tu, "Niokoe!" Macho yalikuwa ya Kidawa. Mwanya ulikuwa wa Kidawa. Hata kovu dogo la juu ya jicho lilikuwa la Kidawa.

Basi akienda sokoni, vijana, "Niokoe!" Akienda bombani, "Niokoe!" Akienda kliniki na tumbo lake, "Niokoe!" Kidawa akaacha sokoni, akaacha bombani, mwisho akaacha na kliniki. Mumewe Mbaruku akambembeleza, akashindwa.

Wanawake watatu wakasikia.

Wa kwanza ni Bi Mwantumu, muuza vitumbua. Kwao, mwanamke akichanikiwa na nguo njiani, aliye karibu humtupia kanga kwanza, maswali baadaye. Akaingia bandani, akaitazama televisheni.

"Mwanamume kavaa chuma, mwanamke kavaa leso mbili. Huko kwenu baridi inachagua?"

Vijana wakacheka. Bibi akavua kanga yake ya kichwani, akaifunika televisheni, akasimama mbele yake, mvi nje, mpaka magharibi.

"Bibi, hiyo ni picha tu!"

"Picha ya nani?"

Wakatoka mmoja mmoja. Lakini kesho yake habari ilikuwa imeenea, na waliokuja kumtazama mwanamke wa kwenye gemu wakawa wengi kuliko jana.

Wa pili ni Semeni, msichana wa kidato cha pili, mwepesi wa vidole. Akawaambia vijana, "Gemu hii hakuna aliyeimaliza. Nikiimaliza mimi, neno lile halisemwi tena njiani. Mmekubali?"

"Tumekubali! Utaweza wapi wewe?"

Akacheza Jumamosi ya kwanza, akashindwa. Akacheza ya pili, akashindwa. Mama yake akamgombeza kwa kukaa na wanaume bandani. Akacheza ya tatu, akamaliza. Vijana wakatimiza ahadi, njia ikawa kimya, na Kidawa akarudi kliniki. Lakini bandani, kila gemu ilipoanza upya, alikuwa palepale nguzoni na vitambaa vyake viwili.

Wa tatu ni Mwanahija, fundi cherehani. Akaenda kwa Mhina na futi yake shingoni.

"Mhina, mimi nikimshonea mtu, nampima. Namuuliza, mkono mrefu au mfupi? Wewe huyu ulimuuliza lini?"

"Dada, gemu ziko hivyo. Mwanamke hungoja."

"Mama yako alingoja nini alipokulea peke yake?"

Mhina akamvutia kiti. Wakakaa siku nne, fundi akieleza, kijana akichora. Wakamfungua kamba, wakamvika gauni la kukimbilia, wakampa maneno ya kutosha, wakamwekea sura isiyo ya mtu yeyote. Mhina akaenda kwa Kidawa kuomba radhi.

Lakini sura ile Mhina aliipata wapi? Kwa Mwanahija! Mafundi hubandika ukutani picha za wateja wao, na picha ya Kidawa na gauni la harusi ilikuwapo. Mhina aliomba kuipiga kwa simu. Fundi, pini mdomoni, alijibu, "Piga tu." Hakumuuliza mwenyewe. Alilikiri hilo kwa Kidawa, huku analia.

Kidawa akajifungua salama, mtoto wa kike. Akasema, "Nitampa jina la aliyenisitiri." Siku ya saba wakakusanyika, mtoto akanyolewa, na wale watatu wakawapo.

Bi Mwantumu akasema, "Mimi nilikwenda wa kwanza. Nilivua kanga nikachekwa na vijana sawa na wajukuu zangu."

Semeni akasema, "Shikamoo bibi, lakini ulimletea watazamaji. Mimi ndiye niliyewanyamazisha."

"Kwa kumchezea, mwanangu," akasema Mwanahija. "Jumamosi tatu ulimtazama mwenzako uchi. Mimi ndiye niliyemfungua."

"Na nani aliyemtia ndani?" akauliza bibi.

Mwanahija akafuta macho. "Mimi. Ndiyo maana sikulala mpaka nimtoe."

Mbaruku akasema, "Basi mtoto apewe majina yote matatu."

"Mtoto si daftari la mahudhurio!" akafoka bibi, na watu wakacheka. Kidawa hakucheka. Akimtazama bibi, anaona mvi zile mbele ya vijana. Akimtazama Semeni, anaikumbuka njia ilivyokuwa kimya siku aliyorudi kliniki. Akimtazama Mwanahija, moyo unamuuma na unamshukuru kwa pamoja. Kila akichagua mmoja, wawili wanamlilia moyoni.

Ustadhi akampakata mtoto, akainama. "Haya, mama mtoto. Jina?"

Kidawa akafungua kinywa. Kikabaki wazi.

Enyi mnaonisikiliza, mimi nimefikiri mpaka nimechoka, na kila nikilala na jibu moja naamka na jingine. Mmoja alimfunika, mmoja alimnyamazishia njia, mmoja alimfungua kamba aliyokuwa amesaidia kuifunga. Mtoto yuko mikononi mwa ustadhi, watu wanangoja. Je, ni jina la nani lililostahili?