Kwa Nini Anayesema "Nimewahi" Huweka Mkono

Hapo kale, katika milima ya Upare, neno "nimewahi" lilitosha lenyewe. Mtu akiona tawi kavu ng'ambo ya bonde, alisema tu "Nimewahi!" na tawi likawa lake. Hakuna aliyebisha. Asiyekuwa na mbio alikuwa na sauti, na watu waliona hiyo ni haki.

Mshighati, mrina asali, alikuwa mwepesi wa kinywa kuliko wote. Asubuhi moja ya ukungu mzito aliona mti wenye pango la nyuki, akaita, "Nimewahi!" Ndani ya ukungu sauti ikajibu, "Nimewahi." Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akacheka, akidhani ni mwangwi. Alipofika mti wa pili, sauti ilimtangulia.

Toka hapo, kila ukungu uliposhuka, sauti ilishuka nao. Ikawahi mizinga yake yote, ikawahi na chemchemi, na watu wakaviacha, kwa kuwa neno lilikuwa neno.

"Shemeji, leo umempata wa kukuweza," jirani alimtania. Lakini Mshighati hakucheka.

Kisha Nakijwa, mke wa Mshighati, akashikwa na uchungu. Desturi ilikuwa baba asimame nje, na mtoto akilia, aseme "Nimewahi", ndipo mtoto awe wa nyumba ile. Ukungu ukatanda mlangoni. Mtoto akalia. Mshighati akafungua kinywa, lakini sauti yake ilikuwa imeshasema, nyuma ya mgongo wake.

Wazee wakainamisha vichwa. Mkunga akaanza kumfunga mtoto nguo.

"Unampeleka kwa nani, mama?" Nakijwa akauliza.

"Kwa aliyewahi, mwanangu. Nitafanyaje?"

"Basi aje mwenyewe. Anyooshe mkono, amchukue."

Wakangoja. Ukungu ukapenya chini ya mlango, ukamzunguka mtoto, ukamzunguka tena. Nguo haikutikisika. Nakijwa akaweka kiganja juu ya kifua cha mwanawe. "Nimewahi," akasema polepole. Huko nje kitu kikalia kwa sauti ya Mshighati, kisha kikaenda zake. Huenda nacho kilitaka tu kitu cha kukiita chake. Hatujui.

Na tangu siku hiyo, anayewahi kigoda karibu na moto hukigusa. Asipokigusa, wenzake humuuliza, "Mkono uko wapi?" Lakini mizinga ile ya msituni haikuguswa na yeyote, na hadi leo asali yake huchuruzika ardhini. Kwa hiyo ukungu ukishuka, wajukuu zangu, msiite. Guseni, kisha nyamazeni.