Makomamanga ya Lubaba

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Zabidi aliishi mjane mcha Mungu, Bibi Raihana binti Suhail. Kazi yake ilikuwa kubuni nakshi na kuzitarizi kwa hariri. Alijaaliwa watoto wawili. Wa kike, Lubaba, alifariki akiwa na miaka tisa. Wa kiume, Muhanna, alikuwa gerezani mwaka wa pili kwa neno la mfitini, na hakuna aliyemsikiliza.

Ikawa liwali wa mji amefiwa na mama yake. Akataka sitara ya kufunika kaburi, yenye nakshi ambayo haijapata kumfunika maiti mwingine yeyote. Kazi akampa Bibi Raihana, akamwahidi kuwa akiridhika nayo, Muhanna atatoka siku hiyo hiyo.

Bibi akaifanya miezi mitano, mchana amefunga, sindano mkononi na dua mdomoni. Wajuao kazi hii wanafahamu kwamba kitambaa huwambwa kati ya mbao mbili, na kila shibiri inayokwisha huviringishwa, isionekane tena. Mwenye kutarizi haioni kazi yake nzima mpaka siku ya kuikunjua. Na liwali alikuwa ameamuru asiione mtu kabla yake, basi ikapelekwa barazani ingali imeviringishwa.

Ikatandazwa. Waliohudhuria wakasema, "Subhanallah!" Liwali akatokwa na machozi. Bibi Raihana peke yake ndiye aliyebadilika uso. Makomamanga yale ya nakshi, yote kwa pamoja yameinama upande mmoja, aliyajua. Aliyatarizi miaka kumi na moja nyuma, juu ya shuka iliyofunika jeneza la Lubaba. Yeye alikuwa amesahau, kumbe mkono wake haukusahau.

Liwali akasema, "Mama, umenifariji. Limebaki jambo moja. Apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba nakshi hii haijapata kumfunika mwingine, kisha nenda kamchukue mwanao."

Shuka ya Lubaba ilikwisha kuliwa na mchwa zamani. Waliolibeba jeneza lile walikuwa wamefariki wote. Hakuna kiumbe aliye hai ambaye angemkadhibisha, na mwanawe alikuwa ng'ambo ya ua, nyuma ya mlango mmoja tu.

"Bwana wangu, siwezi kuapa," akasema. "Ilimfunika binti yangu. Wallahi sikukusudia, nimeitambua sasa hivi."

"Na kwa nini hukunyamaza?"

"Umeniapisha, bwana wangu."

Liwali akaghadhibika, akaona mama yake ametwezwa kwa nakshi ya mtoto wa fukara. Sitara ikatupwa miguuni pa bibi yule, naye akaiokota.

Akaenda kwenye dirisha la gereza, akamweleza mwanawe yote.  Muhanna akasema, "Umefanya vyema, mama," lakini aliyasema hayo ameugeukia ukuta. Kabla ya mwezi wa Ramadhani homa ya gerezani ikamchukua. Sitara ile ile ndiyo iliyofunika jeneza lake.

Wapo wasimulizi wanaoongeza kuwa liwali alilipita jeneza lile, akajuta, akayafungua magereza. Mwalimu wangu alikuwa akikasirika akisikia hivyo. Akisema, "Mnataka Mungu awalipe papo hapo, kama muuza maandazi!" Nami sikuipokea kwake ila kama nilivyoieleza, na moyo huniuma kila niisimuliapo.

Lakini imepokewa kwamba jirani mmoja alimuuliza Bibi Raihana, siku ya tatu ya matanga, "Dada yangu, hujuti? Neno moja tu lingemtoa."

Akajibu, "Namlilia kila nikiamka. Lakini kama ningeapa, usiku ule ule ningeinua mikono kumwombea mwanangu uhai, na ningemwomba nani? Sina Mungu mwingine ila yule ambaye ningeapa uongo kwa jina lake."

Ndugu yangu, sisi tunaapa sokoni kwa ajili ya kibaba cha mtama, kisha jioni tunainua mikono kwa Mungu yule yule.