Kiherehere, Mbwa wa Mamkwe

Paukwa!
— Pakawa!
Mmechoka?
— Tumechoka!
Basi nyoosheni miguu motoni. Hadithi haina jembe.
— Ije, tuisikie!

Hapo kale, katika kijiji cha Kwamgogo, aliondokea mwanamke mfinyanzi, jina lake Mamkwe. Mumewe alikuwa amekufa, binti yake ameolewa nyuma ya milima. Asubuhi huchimba udongo, mchana hufinyanga, jioni huchoma vyungu. Mgongo wake ulikuwa umepinda kama mpini wa upawa. Ukimsalimu, "Hujambo, Mamkwe?" hujibu, "Nimechoka." Ukimuuliza, "Umeamkaje?" hujibu, "Nimechoka." Ukimkaribisha ugali, hujibu, "Kutafuna nako ni kazi. Nimechoka."

Siku moja anatoka machimboni, kikapu cha udongo kichwani, akasikia nyayo nyuma yake: tiki, tiki, tiki. Akageuka. Kumbe ni mbwa. Na mbwa gani! Akisimama katika shamba la karanga humwoni. Sikio moja limesimama, moja limelala.

"Bibi, nichukue."

"Nimechoka. Siwezi kubeba kitu kingine."

"Nina miguu yangu."

"Sina nyama ya kukupa."

"Nina pua yangu."

"Sina maneno ya kuzungumza na mtu."

"Nina mdomo wangu. Wewe tembea tu, nitazungumza mimi."

Mamkwe hakuwa na nguvu za kubishana. Akatembea, mbwa akafuata, akizungumza. Akazungumza njia nzima, akazungumza mlangoni, akazungumza mpaka majirani wakatoka nje kutazama. Siku hiyohiyo wakampa jina: Kiherehere.

Enhe! Haukupita muda, Kiherehere akamwona jogoo wa Mzee Mbelwa, jirani mwenye ulimi mkali. Jogoo mbio, mbwa mbio. Jogoo akaruka paani. Mbwa akapanda lundo la kuni, naye huyo paani. Nyasi za paa zilikuwa kuukuu, zikaachia. Mzee Mbelwa ameketi ndani anakunywa uji, mara, pu! Mbwa mapajani, uji ndevuni.

"Mamkweee! Mbwa wako amenyesha nyumbani kwangu!"

Mamkwe akauacha udongo wake, akaenda kukata nyasi, akapanda kuezeka.

"Nimechoka," akasema akiwa juu ya paa.

"Pole, bibi," akajibu Kiherehere kutoka chini. "Lakini uliona nilivyoruka?"

Ikaja harusi ya binti wa mhunzi. Wapigaji wakaanika ngoma juani ngozi zikaze, wakaenda kula. Kiherehere akanusa. Ngozi ya mbuzi! Wapigaji waliporudi, ngoma kubwa ilikuwa na tundu, na ndani ya tundu kichwa kinatafuna. Siku ile bibi harusi alichezewa makofi. Mamkwe akawafinyangia wapigaji mitungi ya kuwaomba radhi.

"Nimechoka," akasema, mikono imejaa udongo.

"Pole, bibi. Lakini ngoma yenyewe haikuwa na chumvi."

Kisha likatokea kubwa. Jumbe Semhando alisimama barazani akiwaasa watu habari ya heshima. Shuka lake lilikuwa na matamvua, na matamvua yakawa yanacheza kila anapoinua mkono. Kiherehere akayatazama. Akayatazama. Akayarukia! Jumbe akavuta huku, mbwa akavuta kule. Shuka likamfuata mbwa. Wanawake wakageukia milima. Watoto hawakugeuka.

"Mamkwe!" Jumbe akanguruma, amejiziba kwa kigoda. "Jua lisizame mbwa huyu akiwa ndani ya mipaka ya kijiji changu. Akikutwa, rungu litasema naye!"

Mamkwe hakumwombea. Kuomba ni kusimama, na kusimama kulimchosha. Akamfunga Kiherehere kamba, akashika njia ya kwenda ng'ambo ya mto kwa Nyange mwindaji, mtu mwenye mbwa wengi.

"Bibi, tunakwenda wapi?"

"Mbele."

"Mbele kuna nini?"

"Kuna Nyange."

"Tutarudi?"

"Mimi nitarudi."

Hapo Kiherehere akanyamaza. Tangu aokotwe hakuwahi kunyamaza. Mamkwe alikuwa amebeba udongo maisha yake yote, lakini ukimya ule ulimwelemea kuliko kikapu.

Nyange alipomwona akauliza, "Huyu ni mbwa au panya?"

"Ni mbwa. Anasema sana."

"Kufukuza anajua?"

"Muulize jogoo."

Akamkabidhi kamba, akarudi bila kutazama nyuma. Alipofika kwake akaketi. "Sasa nitapumzika," akasema. Hakuna aliyejibu.

Akalala, akaamka amechoka. Akalala tena, akaamka amechoka zaidi. Udongo ukakauka kibarazani ukapasuka, naye anautazama tu. Moto ukazimika. Hakwenda kuomba kaa kwa jirani. Sisimizi wakaingia chunguni, wakakuta hamna kitu, wakatoka.

Ndipo Mzee Mbelwa akaja na bakora yake, akasimama mlangoni.

"Mamkwe, moshi wako uko wapi?"

"Nimechoka."

"Umefanya kazi gani?"

"Sijafanya."

"Umekula nini?"

"Sijala."

"Umesema na nani?"

Mzee Mbelwa akakaa palepale kizingitini, akakuna ndevu.

"Yule mshenzi wako," akasema, "siku aliponiangukia nilikasirika sana. Nilikasirika mpaka jioni. Na jioni, Mamkwe, nikala sahani nzima nikaikomba. Tangu nimzike mke wangu nilikuwa sijakasirika, na nilikuwa sijashiba."

Mamkwe akamtazama. Kisha akalia. Siku ya msiba wa mumewe hakulia. Wageni walikuwa wengi, na vyungu vya kuwapikia vilikuwa vichache, akainamia kufinyanga. Sasa akalia mpaka kamasi, na Mzee Mbelwa akawa anatazama nje, anahesabu kuku wasiokuwepo. Alipomaliza kulia, Mamkwe akafunga kanga kiunoni, akachukua fimbo, akatoka.

Alimkuta Nyange ameketi juu ya jiwe, kichwa mikononi.

"Mwenye mbwa!" Nyange akapaza sauti. "Nikivizia swala, huyu anamwamkia! Nikivizia nguruwe, anamuuliza habari za watoto! Nimewaomba mbwa wangu wamfundishe kunyamaza. Wakajaribu. Sasa nao wanazungumza! Mchukue, dada yangu, nakusihi. Nyumbani kwangu tunakula mchicha."

Kiherehere alitoka vichakani kama jiwe la kombeo. Akamzunguka Mamkwe, akamzunguka tena, meno kwenye kanga. "Ulikuwa wapi? Mbona umekonda? Nani anakula ukoko wetu? Jogoo hajambo?"

"Kelele," Mamkwe akasema. Lakini alikuwa ameshapiga magoti, na sikio lile lililolala alikuwa amelishika, halitoi mkononi.

Rungu la jumbe, hata hivyo, lilikuwa linangoja. Mamkwe akamwacha mbwa kwa Nyange, akaenda barazani peke yake, akasimama mbele za watu.

"Jumbe, kijiji chako kinaishia wapi?"

"Kwenye kijito cha machimbo. Nani asiyejua?"

"Na ukingo wa pili?"

"Ukingo wa pili si wangu."

"Basi nimekuja kuaga. Najenga ukingo wa pili."

Baraza likanong'ona. Jumbe akainama mbele. "Unawahama watu kwa ajili ya mbwa?"

"Siwahami, Jumbe. Mkiniita nitasikia. Ila nyumba yenye kimya imenishinda, na mimi si kijana wa kushindana nayo."

Jumbe alikuwa amelishika shuka lake kwa mikono miwili, ingawa mbwa hakuwepo. "Nenda," akasema mwisho. "Lakini nilikuagiza mtungi."

"Utaufuata mwenyewe?"

"Nitatuma mtu!"

Nyumba ikajengwa, Mamkwe akamchukua mbwa wake kwa Nyange. Mzee Mbelwa alivuka kijito kila siku na tita la nyasi, analalamika. "Nakujengea ili jogoo wangu apumzike," alisema. Alipomaliza kujenga, hakuacha kuvuka.

Je, Mamkwe alipumzika? Thubutu! Kiherehere alikanyaga vyungu vibichi, alizika mifupa kwenye udongo uliochekechwa, aliwatoa wanunuzi mbio mpaka majini. Jua likitua Mamkwe huketi mgongo ukimuuma, mbwa anazungumza, anazungumza, na katikati ya maneno yake usingizi humchukua, ule wa mtu aliyefanya kazi, mpaka kunapokucha.

Ndiyo maana wazee husema: uchovu wa kumhangaikia uliye naye hutoka kwa usingizi, uchovu wa kukosa wa kumhangaikia hautoki hata ukilala mwaka.

Hadithi yangu imefika kwenye maji. Anayetaka kuivusha na avue viatu. Mimi nilitaka kuvuka ninunue chungu, lakini kuna mtu mdogo pale ukingoni, sikio moja limelala, aliniuliza habari, nikamjibu, akauliza nyingine, na mpaka sasa hatujamaliza. Chungu sina. Kesho mtapikia cha jirani.