Joho la Malumbano

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Mwantumu alimsikia baba yake akimtukana. Dakika nazitaja kwa hakika: saa ilikuwa ukutani, juu ya meza ya waamuzi, naye aliikodolea macho ili asimtazame baba.

Mji wao ulikuwa na malumbano kila mwaka. Washairi wawili hujibizana kwa beti. Beti za anayeanza hubandikwa mlangoni mwa ukumbi siku tatu kabla, na anayejibu lazima afuate vina vilevile. Mshindi huvishwa joho lililotariziwa. Mwaka huo walibaki matajiri wawili: Bwana Kassu, muuza machungwa kwa jumla, na Haji Mbaruku, mwenye mashine ya kusaga. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kupanga mizani.

Beti za Kassu alizitunga Mwantumu. Alikuwa na digrii, kazi hana. Alichopewa na Kassu kilinunua dawa ya macho ya mama yake, matone ya asubuhi na jioni, ambayo bila hayo mama angepofuka. Alilipwa atunge, na alilipwa anyamaze.

Siku hiyo alikaa safu ya tatu, kando ya baba yake, Mwalimu Hemedi, mstaafu, aliyemfunza utunzi kama yeye alivyofunzwa na baba yake. Kassu akasimama, akasoma:

*Aliyekufunza wewe, naye hakufunzwa kitu.*

Ukumbi ukacheka. Haji Mbaruku akainuka kujibu, akakwama. Hapo Mwantumu akasikia sauti ndogo ubavuni mwake. Midomo ya baba ilikuwa ikitangulia:

*Wala huna baba wewe, umelelewa na watu.*

Haji akakumbuka, akasema hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Baba," Mwantumu akanong'ona, "ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Uliyeniambia sina baba."

Mwalimu Hemedi akamgeukia. "Basi ni wewe," alisema, "uliyesema babu yako hakufunzwa kitu."

Waamuzi wakamvisha Kassu joho. Watu walipotawanyika, baba na binti wakamfuata mpaka ghalani kwake, wakamkuta kakaa juu ya kreti, joho mwilini.

"Hilo ni langu," alisema Mwantumu. "Beti zilizoshinda nimezitunga mimi."

"Kwa mizani uliyopewa na nani?" akauliza baba yake. "Nilikuhesabia kwa vidole ukiwa na miaka sita. Na mimi nimeuza, ndiyo. Paa lililokuwa likivuja juu ya kitanda chako, ulidhani limezibwa na pensheni?"

Kassu akacheka kidogo. "Watazame hawa. Mwalimu na msomi, nyumba moja, mnatukanana kwa kinywa cha muuza machungwa." Kisha kicheko kikamkauka. "Nyinyi mlitukana mkiwa mmekaa. Aliyesimama akaambiwa hana baba ni mimi. Na kweli sina, Mwalimu. Niliokotwa, nikalelewa na watu. Mke wangu na wanangu walikuwa safu ya mbele."

Mwalimu Hemedi akavua kofia.

"Sasa sikiliza, binti," Kassu akaendelea. "Kesho saa mbili njoo uchague. Utanitungia beti za mwakani kwa malipo yaleyale, au utachukua joho. Ukilichukua, nitatangaza mwenyewe sokoni kwamba ni la kwako. Ila kwangu usirudi tena."

Baba na binti wakarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili kasoro dakika tano, Mwantumu alikuwa mlangoni mwa Kassu. Alisema, "Shikamoo," akaitikiwa. Akalikunja joho mara nne, akalikumbatia, akatoka.

Nyumbani baba alikuwa akinywa chai na hakuinua uso. Mama alikuwa kakaa kitandani, kichwa nyuma, akingoja matone. Mwantumu akamtia matone ya mwisho ya chupa. Joho lilikuwa mapajani mwa mama. Akalipapasa, vidole vikifuata nakshi ya shingoni.

"Nguo nzuri hii," alisema. "Ya nani?"

Baba akaweka kikombe chini. Nyinyi mlioketi hapa kunisikiliza, mngemjibu mama yule nini? Ya nani?